Alama za msongo zilishuka baada ya semina. Je, ni semina iliyozishusha?

SWALI: Shikamoo Daktari. Ninasimamia masuala ya wafanyakazi katika kampuni ya safari hapa Arusha, ofisi yetu iko Njiro. Tuko 64: madereva wanaoongoza watalii, watu wa booking, wapishi wa kambi na mafundi wa gereji. Mwanzoni mwa Februari wakuu wa idara walichagua wafanyakazi 34 walioonekana kulemewa, tukawajazisha dodoso la msongo wa mawazo lenye maswali 10. Machi wakaja wakufunzi kutoka nje, wakawafundisha ustahimilivu kwa siku 2 hotelini. Mwisho wa Aprili wakajaza dodoso lile lile. Wastani ulishuka kutoka 22 hadi 16. Wakufunzi wanasema huo ni ushahidi tosha na wanataka mkataba wa mwaka mzima, kikao kila mwezi kwa kampuni yote. Mkurugenzi ameniuliza jambo moja tu: yamesaidia au hayakusaidia? Nilipomuuliza dereva mmoja wa siku nyingi, akanijibu, "Mwanangu, mimi nimepona kwa sababu nimelala." Nimjibu nini bosi?

JIBU: Marahaba, dada. Mwambie hivi: kwa karatasi mlizonazo, hakuna awezaye kusema mafunzo yamesaidia, na hakuna awezaye kusema hayakusaidia. Najua si jibu analolitaka mtu anayetakiwa kusaini mkataba. Lakini mnaweza kupata jibu la kweli kabla mwaka haujaisha, kwa gharama ndogo kuliko chakula cha mchana cha hiyo semina, na nitakueleza namna.

Mzee wako dereva ameona jambo ambalo wakufunzi hawakuliona. Mwanzoni mwa mwaka nyumbu wako Ndutu, upande wa kusini wa Serengeti, wanazaa, na kila mgeni anataka kuwaona. Dereva anaamka saa 10 alfajiri, anameza vumbi kutwa, jioni anarudisha wageni mjini, usiku anaosha gari, kesho asubuhi yuko uwanja wa ndege wa KIA akisubiri wengine. Watu wa booking nao wanajibu barua za Marekani usiku wa manane, kwa kuwa huko ndiyo kwanza mchana. Ikifika Aprili masika yamekolea, barabara ni matope, kambi nyingi zimefunga, magari yako gereji, na dereva analala kwake. Dodoso la maswali 10 unalolitaja, kama ni lile linalotokana na kazi ya Sheldon Cohen na wenzake ya mwaka 1983 ambalo alama zake huanzia 0 hadi 40, huuliza mtu alijisikiaje katika mwezi mmoja uliopita. Kwa hiyo karatasi za mwanzoni mwa Februari ziliwapimia Januari, na za mwisho wa Aprili zikawapimia Aprili. Mmelinganisha miezi miwili isiyofanana kwa lolote. Hata kama wakufunzi wasingekanyaga Arusha, ningetegemea alama za watu wengi zishuke.

Ila usikimbilie kusema basi semina ilikuwa bure, maana msimu unaficha mambo kwa pande zote mbili. Dereva ambaye sehemu kubwa ya kipato chake ni tipu, Aprili kwake ni mwezi mkavu. Kodi ya nyumba ya miezi sita inadaiwa kwa mkupuo, mahitaji ya watoto hayangoji Juni, na dukani ameshaanza kuandikwa kwenye daftari. Mtu kama huyo msongo wake ungeweza kupanda Aprili. Kama haukupanda, huenda ni kwa sababu alichofundishwa kilimshika mkono. Mtu wa booking anayelipwa mshahara ule ule kila mwezi hali yake ni nyingine kabisa. Kabla ya yote, zitenganishe karatasi hizo 34 kwa aina ya kazi. Ukiona waliopata nafuu kubwa ni wale ambao kazi yao ilipungua na mshahara wao haukuguswa, utajua masika ina sehemu yake katika hizo alama 6.

Kuna jambo la pili, na hili huwapita hata watu waliosoma sana. Wakuu wa idara waliwachagua walioonekana kulemewa. Ukichagua watu kwa sababu leo wako vibaya kuliko kawaida yao, wengi wao ukiwapima tena baada ya miezi miwili mitatu utawakuta karibu na kawaida yao, hata usipowafanyia kitu. Yule aliyekuwa na mgonjwa nyumbani, mgonjwa amepona. Aliyegombana na mwenye nyumba ameshahama. Francis Galton aliliandika jambo hili kwa hesabu mwaka 1886 alipolinganisha urefu wa wazazi na wa watoto wao, na tangu hapo limewadanganya watu wengi wanaopima dawa, adhabu za shule, na semina. Tena linadanganya zaidi pale mnapochagua waliozidiwa, yaani pale pale ambapo moyo wa huruma unawatuma kuanzia.

La tatu ni fomu zenyewe. Hukuniambia kama zilikuwa na majina, wala aliyezikusanya. Kama jina lilikuwepo na aliyekusanya ni ofisi yako au wakufunzi, basi sehemu ya kushuka huko ni adabu. Mtu amekula chakula chako siku mbili, amepewa cheti, mwalimu amesimama mbele yake anatabasamu. Ataandika kwamba mafunzo hayakumsaidia? Na mwingine Februari aliandika mazito akitumaini bosi atasikia na kumpunguzia safari. Wote wawili hawakusema uongo wa kuwalaumu. Walikuwa wanazungumza na kampuni kupitia karatasi, na mtu akizungumza na mwajiri wake huchagua maneno.

Sasa, tafiti zinasemaje kuhusu mafunzo haya kwa jumla? Zinasema mambo madogo, na kwa tahadhari. Shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya majaribio ya tiba na kuyapima ubora, mwaka 2020 lilitoa uchambuzi wa majaribio 44 ya mafunzo ya ustahimilivu kwa wahudumu wa afya. Lilikuta dalili kwamba mara baada ya mafunzo ustahimilivu hupanda na msongo na sonona hupungua, huku wasiwasi ukibaki karibu pale pale. Lakini wachambuzi wenyewe waliuweka ushahidi huo kwenye daraja la chini kabisa la uhakika, na majaribio yaliyofuatilia watu kwa muda mrefu yalikuwa machache. Mwaka 2024 William Fleming wa Oxford alichapisha uchambuzi wa wafanyakazi 46,336 kutoka taasisi 233 za Uingereza. Waliohudhuria programu za namna hii, mafunzo ya ustahimilivu yakiwemo, hawakuwa na hali bora kuliko wenzao ambao hawakuhudhuria. Huo nao una udhaifu wake: uliwapima watu mara moja, na inawezekana wanaokwenda kwenye programu ndio waliokuwa wamechoka zaidi tangu mwanzo. Hata hivyo, mtu anayekuuzia mafunzo ya mwaka mzima anapaswa kuujua na kuwa na la kusema juu yake. Muulize.

Yanayonipa matumaini zaidi yametoka kwa majirani zetu. Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, wanawake 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki jaribio la programu ya Shirika la Afya Duniani yenye vikao 5 vya kikundi, vinavyoendeshwa kwa sauti iliyorekodiwa na kusimamiwa na wawezeshaji ambao si wataalamu wa afya ya akili. Vijiji viligawanywa kwa kura, na miezi 3 baadaye waliopata vikao walikuwa na dhiki ndogo kuliko ambao hawakupata. Nairobi, wanawake 421, wengi wao waliopitia ukatili, walishiriki jaribio la programu nyingine ya shirika hilo hilo: vikao 5 vya mtu mmoja mmoja na mhudumu wa afya wa jamii aliyefundishwa kazi hiyo. Hao nao walipata nafuu kuliko kundi la kulinganisha. Na Harare, Dixon Chibanda na wenzake waliwafundisha wahudumu wa jamii, wengi wao kina bibi, kukaa na mtu kwenye benchi nje ya zahanati na kumsaidia kulipanga tatizo lake moja baada ya jingine. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016, watu 573 walishiriki, na tofauti ilionekana hata baada ya miezi 6.

Nimeyataja haya kwa kirefu kwa sababu yanafanana katika mambo ambayo semina yenu haikuwa nayo. Walengwa walikuwa watu wenye dhiki iliyopimwa, si waliokisiwa na mkuu wa idara. Msaada ulikwenda wiki baada ya wiki, mtu anajifunza jambo, anakwenda nyumbani analijaribu, anarudi kusema lilivyokwenda. Walifuatiliwa kwa miezi. Na kila mahali palikuwa na wenzao wa kulinganishwa nao. Siku 2 za projekta hotelini ni kitu kingine hata kama vyote vinaitwa mafunzo. Kikao cha kila mwezi, kama wanavyopendekeza sasa, kinaweza kuwa afadhali ikiwa kweli ni cha kufanyia mazoezi. Kama ni mhadhara ule ule uliokatwa vipande 12, hapana.

Nakuja kwenye la kufanya. Usimwombe mkurugenzi asaini mkataba wa watu wote kwa mwaka mzima. Mwombe asaini wa nusu ya watu hadi mwisho wa Oktoba. Ninyi ni 64. Kundi la kwanza la 32 waanze vikao mwezi huu au mwanzoni mwa Juni, kundi la pili waanze Novemba kama matokeo yataridhisha. Hakuna anayenyimwa, mmoja anatangulia, mwingine anafuata. Atakayetangulia aamuliwe na kura, wala si mkuu wa idara, si umri, si nani amejitolea. Waandike kwanza kwa mafungu: madereva waliokwenda Machi, madereva ambao hawakwenda, watu wa booking waliokwenda, na kuendelea. Kila fungu lipigiwe kura peke yake, karatasi zikunjwe ndani ya kofia, hadharani, kila mtu akiona. Hivyo kila kundi litakuwa na mchanganyiko unaofanana, na hata waliofundishwa Machi watagawanyika sawa pande zote. Madereva wetu wanaelewa kura. Wasichokielewa, na kisichosameheka, ni upendeleo.

Wote 64 wajaze dodoso kabla vikao havijaanza, wajaze tena mwisho wa Agosti, na tena mwisho wa Oktoba. Agosti nyumbu wako kaskazini ya Serengeti, upande wa Mto Mara, na kampuni nzima inahema. Itahema kwa makundi yote mawili. Huo ndio uzuri wake: msimu, tipu, bei ya mafuta, mgeni mkorofi, vyote vinawapata wote kwa pamoja. Kinachobaki kuwatenganisha ni vikao, pamoja na bahati ya kawaida. Hapo tu ndipo unapoweza kumwambia bosi kwamba tofauti hii imetokana na mafunzo.

Kuhusu hiyo bahati, mweleze mapema asije akavunjika moyo. Kwenye dodoso hili watu hutofautiana wenyewe kwa wenyewe kwa kama alama 6 au 7, na kwa makundi ya watu 32 mtaweza kuitambua tofauti ya alama kama 4 au 5. Tofauti ya alama 1 au 2 isiwafurahishe wala isiwahuzunishe, ni ndogo mno kwa idadi yenu. Andikeni leo, kabla hamjaanza, tofauti gani mtaihesabu kuwa inastahili fedha, na mkurugenzi aweke sahihi yake chini. Nimeona mara nyingi matokeo yakishatoka kila mtu anatafuta namba ya kufurahia, na ikitafutwa hupatikana.

Fomu zisiwe na majina. Kila mtu apewe namba anayoijua mwenyewe, na orodha ya kuoanisha ishikwe na mtu aliye nje ya kampuni na nje ya wakufunzi. Mhadhiri wa chuo au muuguzi mstaafu anatosha. Walioko porini wajaze kwa simu wakifika penye mtandao. Maswali yawe kwa Kiswahili, na kwanza wasomewe madereva wawili watatu wakueleze kwa maneno yao wanaelewa nini; swali likieleweka tofauti na ulivyokusudia, lirekebishe sasa na usiliguse tena hadi Oktoba. Wakufunzi wakikushauri mtumie PHQ-9, yaani dodoso la sonona, fikiria mara mbili. Ni kipimo kizuri na kina Kiswahili kilichozoeleka Afrika Mashariki, lakini swali lake la 9 linauliza kuhusu mawazo ya kujidhuru. Huwezi kumuuliza mtu hivyo kisha ukaiweka karatasi kwenye faili. Kama hamna mtu wa kuisoma siku ile ile na kuchukua hatua, msiulize.

Usitegemee dodoso peke yake. Hesabu siku za ruhusa ya ugonjwa, makosa ya booking yaliyorudishwa na lodji, saa za kulala wiki iliyopita. Kama magari yenu yana kifaa cha kufuatilia mwendo, maonyo ya spidi ni habari pia. Na waliotoka kazini katikati wahesabiwe kwenye makundi yao. Ukiwaacha nje, kundi lililopoteza watu waliochoka litaonekana lina afya, kumbe waliochoka wamekwenda kampuni ya jirani. Watu pia watasimuliana. Dereva atamfundisha mwenzake namna ya kupumua wakiwa wanangoja geti la Naabi, la kuingilia Serengeti, lifunguliwe. Msiwazuie. Itapunguza kidogo tofauti kati ya makundi, basi, lieleze hilo kwenye ripoti.

Muulize mkufunzi atafundisha nini hasa. Kupumua na kutuliza mwili, kulivunja tatizo kubwa vipande vinavyoshikika, kupanga usingizi, kuomba msaada kabla maji hayajafika shingoni: haya yana msingi. Lakini akisema wakipata ajali barabarani atawakusanya wote kesho yake, kila mmoja asimulie alichokiona mwanzo hadi mwisho, mkatalie. Kikao kimoja cha kusimulia namna hiyo kimefanyiwa majaribio, hasa kwa mtu mmoja mmoja, na uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2002 haukukuta kwamba kinazuia athari za baadaye. Jaribio mojawapo lilionyesha waliopitia walikuwa na hali mbaya zaidi mwaka mmoja baadaye. Aliyepata ajali apewe chai, mtu wa kukaa naye, likizo, na aseme akitaka mwenyewe.

Nimebakiza jambo ninaloliona zito kuliko yote. "Nimepona kwa sababu nimelala." Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wa afya ya akili kazini mwaka 2022 halikuishia kwenye kumfundisha mfanyakazi, lilielekeza pia kurekebisha kazi yenyewe na kuwafundisha mameneja. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne, tena kwa makubaliano na kwa malipo ya mara moja na nusu. Chukua ratiba za madereva wako za Januari na Februari, kaa nazo meza moja, hesabu. Ukikuta mtu amepiga safari tatu mfululizo na kulala kwake usiku mmoja katikati, unachokipima kwa dodoso ni uchovu wa mtu asiyepumzishwa, na kumfundisha kustahimili hapo ni kumtwika yeye deni la kampuni. Hilo la mapumziko ya kisheria usilipigie kura wala usilifanyie majaribio. Ni haki yao, wapeni wote, kundi la kwanza na la pili, kuanzia Juni hii.

Zaidi ya kiwango cha sheria, hapo mnaweza kujaribu. Kama fedha za mkataba zinatosha kuajiri madereva wa akiba wawili kwa msimu, ili kila dereva apate siku mbili nyumbani kati ya safari na safari, ningependa sana mkurugenzi azione hesabu hizo mbili pamoja kabla hajasaini. Mimi ningeanza na madereva wa akiba. Wewe unaijua kampuni yako kuliko mimi, na mnaweza kuamua vingine, ila uamuzi ufanywe huku karatasi zote mbili ziko mezani.

Katika zile karatasi 34 zilizojazwa Aprili, tazama walioandika alama za juu sana wakati wenzao wote wameshuka. Kama unaweza kuwajua bila kuvunja ahadi mliyowapa, zungumza nao faraghani. Kama fomu hazina majina, tangazeni kwa wote pa kwenda. Mtu ambaye hapati usingizi kwa wiki kadhaa, ameacha kula, au anasema haoni sababu ya kuendelea, hangoji kura wala Oktoba. Apelekwe wiki hii kliniki ya afya ya akili, hospitali ya Mount Meru hapo Arusha au hospitali ya KCMC akiwa yuko upande wa Moshi, na siku hiyo alipwe kama siku ya kazi.